Kwa nini kuku aliyemrukia mwewe aliwafukuza wanawe

Asubuhi moja ya Januari, mvua ya Tukuyu ikiwa imekatika kwa dakika chache tu, mwewe alishuka uani kwangu. Sikumwona akija. Nilichosikia ni mlio wa mtetea wangu wa kienyeji, ule mlio mkali wa mara moja usiofanana kabisa na makelele yake ya kutaga. Kufumba na kufumbua, vifaranga tisa walikuwa wametoweka chini ya migomba. Mama yao hakujificha. Aliruka juu, mabawa wazi, miguu mbele, akagongana na mwewe hewani kimo cha mtu. Mwewe aliondoka makucha matupu. Kuku akabaki anazunguka uani kwa madaha, manyoya ya shingo yamemsimama.

Miezi miwili baadaye, kuku huyo huyo alianza kuwadonoa vifaranga hao hao. Kila waliposogelea punje alizokuwa akila, aliwapiga kichwani. Usiku hakuwataka karibu yake. Mama jirani, ambaye hapitwi na jambo, alichungulia juu ya ua akaniambia, "Mwalimu, kuku wako ana mapepo huyo." Tena alikuwa na ushahidi wa ziada. Mwaka uliotangulia tulimwekea kuku huyo mayai ya bata. Akayaatamia hadi siku zake zikatimia, akatoka na vifaranga wa bata nyuma yake, na siku walipoingia kwenye mfereji akasimama ukingoni akilia kama aliyefiwa.

Kuku mmoja, vituko vitatu. Ukisema "ni upendo wa mama", umeeleza cha kwanza, na viwili vilivyobaki vimekuwa wazimu. Nafundisha biolojia, na nimeona kwamba neno hilo la upendo ndilo linalowafunga wanafunzi: wanadhani limejibu swali, kumbe limelipa swali jina tu. Sisemi kuku hahisi kitu. Nasema kwamba ukitaka kujua kwa nini mnyama mmoja yuko tayari kufa kwa ajili ya mwanawe, na mwingine anataga na kwenda zake bila kugeuka nyuma, lazima uitazame hesabu iliyo chini yake.

Hesabu yenyewe ni hii. Mnyama ana nguvu na muda wenye kikomo. Anachompa mtoto huyu hawezi kumpa wa mwakani, wala hawezi kukitumia kubaki hai mpaka huo mwakani ufike. Mwaka 1972 mwanabiolojia wa Marekani, Robert Trivers, aliyaeleza malezi kwa namna hiyo hiyo: ni uwekezaji unaoongeza nafasi ya mtoto huyu kuishi kwa gharama ya watoto wengine ambao mzazi angeweza kuwapata. Kuku hakai chini na kalamu. Waliopiga hesabu ni vizazi vilivyopita. Waliolea kidogo mno, watoto wao waliliwa. Waliolea kupita kiasi hawakubakiza nguvu ya kuzaa tena. Waliokuwa katikati wakaacha wazao wengi zaidi, na tabia yao ndiyo iliyorithiwa.

Lakini hiyo "katikati" iko wapi? Inategemea unaishi wapi na nani anataka kumla mwanao. Ndiyo maana majibu ni mengi, na nyanda hizi za juu kusini zinayo karibu yote.

Kutoka usipa hadi tembo

Teremka kutoka Tukuyu, pita mashamba ya kakao na mpunga ya Kyela, ufike Matema ambako milima ya Livingstone inaingia Ziwa Nyasa. Katika maji yale yale kuna samaki wawili wanaofuata njia mbili zilizoachana kabisa. Usipa, wale dagaa wa Nyasa, huishi katikati ya ziwa, na makinda yao huelea kwenye maji ya wazi bila mlinzi. Kule hakuna jiwe, hakuna shimo, hakuna pa kusimama na kusema hapa ni kwangu. Mlinzi angelinda nini? Njia inayobaki ni kutaga mayai mengi na kuacha wingi ufanye kazi.

Magege jike, kwa upande wake, hubeba mayai mdomoni. Mvuvi akimtoa majini, wakati mwingine anatema vitoto ndani ya mtumbwi, jambo linalowashangaza wageni na kuwachosha wavuvi. Hata wale samaki wadogo wa rangi wanaoishi kwenye mawe, wanaouzwa duniani kote kama mapambo ya nyumbani, karibu wote hufanya hivyo: mama hukusanya mayai mdomoni, hukaa nayo kama wiki tatu akila kidogo sana au bila kula kabisa, na hata baada ya kuwaachia watoto watoke, baadhi huwafungulia tena mdomo hatari ikitokea. Miamba imejaa majirani wenye njaa, na yai likiachwa dakika moja haliko. Mdomo wa mama ndiyo nyumba pekee yenye mlango.

Hata mlango huo una wezi wake. Ziwani humo kuna samaki ambao kazi yao ni kumgonga mama kwa kichwa ili ateme watoto, kisha wawale. Kila kinga huzaa mwizi wake.

Kubeba watoto badala ya kuwalinda kumefika mbali zaidi huko Kihansi, mpakani mwa Iringa na Morogoro, mahali Mto Kihansi unapoporomoka kutoka milima ya Udzungwa. Mwaka 1996 watafiti walimkuta pale chura wa rangi ya dhahabu, mdogo kiasi cha kukaa juu ya kucha ya kidole gumba, akiishi kwenye eneo la kama hekta 2 tu lililoloweshwa na mvuke wa maporomoko. Chura huyu hatagi. Mayai hurutubishwa ndani ya mwili wa jike, viluwiluwi hukulia humo humo wakila kiini cha mayai yao, kisha huzaliwa vyura kamili wenye urefu wa milimita chache, kumi hivi kwa uzao. Faida yake huhitaji kuambiwa ukisimama mbele ya maporomoko: kiluwiluwi kwenye maji yale angesombwa kabla hajajua kuogelea. Tumbo la mama likawa ndilo bwawa.

Mbinu hiyo ilimtosha kwa muda mrefu kuliko tunavyoweza kukisia. Haikumtosha mwaka 2000, maji ya mto yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme na mvuke ukapungua ghafla. Serikali iliruhusu vyura karibu 500 wapelekwe Marekani, wakatunzwa kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo, na mabomba ya kunyunyiza maji yakawekwa bondeni. Idadi ilipanda kwanza, kisha ikaporomoka, na ugonjwa wa kuvu unaoua vyura duniani kote ukagundulika pale. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Tangu 2012 vyura waliozaliwa ugenini wamekuwa wakirudishwa Kihansi. Malezi huandaliwa kwa hatari ambazo ukoo umeshakutana nazo, na bwawa la umeme halikuwa mojawapo.

Baridi nayo ni hatari ambayo sisi wa huku tunaijua vizuri. Asubuhi ya Juni kule Makete umande huganda mweupe juu ya nyasi. Yai lililofukiwa kwenye udongo wa namna hiyo linachelewa kukua au linakufa. Vinyonga wengi wa nchi za joto hutaga ardhini na kuondoka, lakini baadhi ya vinyonga wa milimani, akiwemo mmoja mwenye pembe tatu wa Udzungwa, huyabeba mayai tumboni mpaka yaanguliwe humo, kisha huzaa watoto wanaotembea. Mama anapojianika juani asubuhi, anawaanika na wanawe. Akishazaa, basi. Hawatazami tena. Gharama yote ameilipa kabla ya kuzaa.

Mwisho kabisa wa mstari yupo tembo. Mimba yake ni ya miezi 22, mtoto huzaliwa na uzito wa kilo mia moja au zaidi, hunyonya kwa miaka, na mama huzaa tena baada ya miaka minne au mitano. Tembo jike akimpoteza ndama mmoja, amepoteza sehemu kubwa ya maisha yake ya uzazi. Usipa akipoteza mayai elfu, ni Jumatatu ya kawaida.

Nani abaki nyumbani?

Hapa wanafunzi wa kike huamka na wa kiume huanza kutazama dirishani. Kwa nini kwa wanyama wengi tunaowajua kazi ni ya mama?

Sababu kubwa kwa wanyonyeshao ni maziwa. Mimba ikishakaa na maziwa yakishatoka kwa mmoja tu, yule wa pili anaweza kuondoka bila mtoto kufa, na kule aendako anaweza kupata watoto wengine. Ndege hawana kikwazo hicho. Baba anaweza kuatamia na kuleta wadudu sawa na mama, na ndiyo maana kwa aina nyingi sana za ndege wazazi hulea wawili. (Jogoo ni wa jamii nyingine: vifaranga wa kuku hutoka kwenye yai wakiwa wanatembea na kudonoa. Wahenga walishasema mtoto wa kuku hafunzwi kuchakura. Baba hana kubwa la kuongeza, naye analijua hilo vizuri mno.) Kwa samaki mambo mara nyingi hugeuka. Jike hutaga mayai kwenye eneo la dume, dume huyarutubisha nje ya mwili, na anapolinda eneo lake anajikuta analinda na mayai. Basi baba ndiye anayebaki.

Lakini Nyasa ina familia moja ambayo siachi kuisimulia. Kampango, kama wanavyomwita ng'ambo ya Malawi, ni samaki mkubwa wa jamii ya kambale, mwindaji wa usiku. Dume na jike hutengeneza kiota chini ziwani na kukilinda pamoja. Watoto wakishatoka, mama huwarudia na kutoa mayai yasiyorutubishwa, nao humjia chini ya tumbo wakayala. Anawanyonyesha mayai, kwa kifupi. Baba naye huenda kuchota vijidudu vya chini ya ziwa, akarudi na kuwatolea kupitia matamvua yake. Samaki hana ziwa, hana bawa, hana mkono, na bado wawili hawa wamepata namna ya kuweka chakula mezani.

Kwa ndege, mkataba wa kutisha kuliko yote ni wa hondohondo. Katika Hifadhi ya Ruaha utawaona wenye mdomo mwekundu wakiruka kwa mawimbi kutoka mti hadi mti. Msimu wa kuzaa, jike huingia kwenye tundu la mti na kuuziba mlango kwa tope na kinyesi, akaacha ufa mwembamba unaotosha ncha ya mdomo. Ndani humo hupukutisha manyoya ya kurukia. Tangu siku hiyo maisha yake na ya watoto yako mdomoni mwa dume, anayekwenda na kurudi na panzi, mjusi, tunda. Faida ni kwamba nyoka na wanyama wala mayai hawana pa kupita. Hasara kila mtu anaiona: dume akinaswa na kipanga njiani, nyumba nzima iko hatarini. Watoto wakikua kiasi na chakula cha mmoja kikawa hakitoshi, jike hubomoa ukuta akatoka kusaidia kutafuta, na vifaranga wenyewe huuziba mlango tena kwa ndani. Hakuna aliyewafundisha ufundi huo wa kupiga lipu.

Kuna pia wanaolea watoto ambao si wao. Mbwa mwitu wa Ruaha huishi kundi kundi, na kwa kawaida jike mmoja mkuu ndiye anayezaa, pengine watoto kumi kwa mkupuo. Wengine huwinda, hurudi na nyama tumboni, huitapika mbele ya watoto na mbele ya yule aliyebaki pangoni kuwalinda. Watoto wakianza kufuatana na kundi, kwenye mzoga wao ndio hula kwanza, wakubwa wakisubiri pembeni. Linganisha na simba, ambako mtoto hula kilichobaki.

Mbona mtu amlee mtoto wa mwenzake? Mwaka 1964 Mwingereza W. D. Hamilton alionyesha kwamba hesabu hii haina budi kujumlisha ndugu. Mdogo wako wa baba na mama mmoja anabeba, kwa wastani, nusu ya urithi ulio nao wewe, kiasi kile kile anachobeba mwanao. Kumlisha yeye ni kuulisha urithi wako kupitia mlango mwingine. Waswahili walifupisha: damu nzito kuliko maji. Wengi wa wasaidizi katika kundi la mbwa mwitu ni ndugu wa wale watoto, kaka na dada wa uzao uliotangulia.

Kwa tembo, msaada huo una umri. Ndama huzungukwa na dada na mama wadogo wanaomnyanyua akikwama topeni, na mbele yao wote yupo bibi, jike mzee anayekumbuka maji yalikuwa wapi mwaka wa ukame. Mabasi ya Mbeya kwenda Dar es Salaam hukata katikati ya Hifadhi ya Mikumi, na abiria huinua simu wapige picha za tembo. Wachache wanajua kwamba tembo wa hapo walifanyiwa utafiti, matokeo yakachapishwa mwaka 2008: majike waliobaki bila wazee na bila ndugu wa karibu kutokana na ujangili wa zamani walikuwa na dalili zaidi za msongo mwilini, na walizaa kidogo kuliko wenye familia kamili, miaka mingi baada ya bunduki kunyamaza. Jangili alifuata pembe ndefu, na pembe ndefu ziko kwa wazee. Alichochukua pamoja na meno ni malezi ya watoto ambao hawakuwa wamezaliwa.

Upande tusioupenda

Hesabu hii ina kurasa zenye damu. Simba dume wageni wakiwashinda wenyeji na kulitwaa kundi, watoto wadogo huwa wa kwanza kufa, na huuawa na hao wageni. Jike anayelea hayuko tayari kubeba mimba mpaka watoto wakaribie miaka miwili. Akiwapoteza, hurudi kwenye joto mapema. Dume mgeni ana miaka michache tu kabla naye hajang'olewa, hivyo hangoji. Majike hawakai kimya: hulea watoto wa rika moja pamoja, hunyonyesha hata wa mwenzao, na hupigana kwa umoja, kwa sababu jike mmoja peke yake hawezi kumzuia dume. Lakini ngao kubwa ya watoto ni baba zao, wale madume wanaoonekana wamelala tu mchana kutwa chini ya mbuyu. Kuwepo kwao ndiyo kazi. Ndiyo maana dume akiuawa kwa sumu au mkuki huko Idodi au Pawaga, jirani na Hifadhi ya Ruaha, baada ya kula ng'ombe, hesabu ya waliokufa haiishii kwake. Nafasi yake ikichukuliwa, watoto wake watafuata. Siwalaumu wenye ng'ombe, nami nimelelewa kwa maziwa ya ng'ombe. Nasema tu hasara ni kubwa kuliko mzoga unaoonekana.

Mumbi, yule ndege mkubwa mweusi mwenye shingo nyekundu ambaye sehemu nyingi huaminika anatabiri mvua, hutaga mayai mawili na kulea kifaranga mmoja. Wa pili huanguliwa siku kadhaa baadaye, akakuta mkubwa ameshatangulia, na hufa kwa njaa wazazi wakiwa pale pale. Ukatili? Yai la pili ni akiba. La kwanza likiharibika au kifaranga akafa mapema, lipo jingine. La kwanza likifaulu, chakula hakitoshi wawili. Mtu anayepanda mbegu mbili kwenye shimo moja la mahindi kisha akang'oa mche mmoja amefanya hivyo hivyo, ila yeye halali na huzuni.

Na kuna lile linaloonekana ukatili na wala silo. Mufindi, kwenye mashamba ya misonobari ya Sao Hill, watu hukuta mtoto wa pongo amelala peke yake kwenye nyasi, hasogei, hata ukimgusa. "Masikini, katelekezwa," wanasema, wanambeba nyumbani na kumpa maziwa ya ng'ombe, na kwa kawaida anakufa. Hakutelekezwa. Pongo ni katika wanyama wanaoficha watoto: mama humlamba akamwondolea harufu, hula hata kinyesi chake kisimpeleleze, kisha hukaa mbali kwa makusudi, maana yeye mwenyewe ndiye angemleta chui. Hurudi kunyonyesha na kuondoka tena. Kutokuwepo kwake ndiyo ulinzi. Ukimkuta, mwache alipo na uondoke haraka.

Anamjuaje kuwa ni wake?

Turudi kwa kuku na watoto wa bata, maana hapa ndipo penye fundo.

Siku ya ishirini, yai likiwa bado halijapasuka, weka sikio karibu. Kifaranga analia humo ndani, na mama humjibu kwa mlio mzito wa chini chini. Mamba jike wa Mto Ruaha Mkuu hufanya vile vile. Hufukia mayai kama hamsini mchangani, hukaa karibu nayo kwa takriban miezi mitatu akila kwa nadra, akiwafukuza kenge. Siku zikitimia, watoto hulia ndani ya mayai, chini ya mchanga, naye hufukua. Kisha huwabeba mdomoni, ndani ya meno yale yanayovunja shingo ya nyati, na kuwapeleka majini bila kumchubua mmoja. Teke la kuku halimuumizi mwanawe. Msemo huo unafaa zaidi ya ulivyokusudiwa, kwa kuwa ndege na mamba ni ndugu wa karibu kuliko jamii zote za reptilia zilizobaki: mamba ana undugu wa karibu zaidi na kuku wako kuliko na mjusi wa ukutani.

Sauti, basi, ndiyo ufunguo. Watafiti wa Ujerumani katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita walilionyesha hili kwa jaribio jepesi. Walimfunga kifaranga mguu. Akilia, mama alikuja mbio manyoya yamesimama, akidonoa adui asiyeonekana. Walipomfunika kifaranga huyo huyo kwa kioo, akawa anaonekana wazi akihangaika lakini sauti haitoki, mama alipita karibu kana kwamba hakuna kitu. Jicho lilimwona. Kilichokosekana ni mlio.

Hilo linasema nini? Kwamba ndani ya kuku hakuna picha ya "mwanangu" inayolinganishwa na kila mtoto. Kuna kanuni fupi fupi: yaliyo chini ya tumbo lako, yaatamie, kinachotoka humo na kulia hivi, kilinde. Kwa miaka mingi ya mababu zake wa porini kanuni hizo zilitosha, maana hakuna aliyekuja usiku kubadilisha mayai. Mtu alipoleta mayai ya bata, kanuni ziliendelea kufanya kazi bila kosa.

Wapo wanaoishi kwa kuzitumia kanuni hizo vibaya. Yule ndege anayewaongoza warina asali hadi kwenye mzinga ana sifa nzuri vijijini, lakini hakujenga kiota maishani mwake. Hutaga kwenye matundu ya wengine, kama keremkerem. Kamera zilizofungwa ndani ya viota nchini Zambia, matokeo yake yakatoka mwaka 2011, zilionyesha kifaranga wake akizaliwa kipofu, uchi, na ndoano kali kwenye ncha ya mdomo. Kwa ndoano hiyo huwaua vifaranga wa mwenye nyumba gizani. Keremkerem huingia na chakula, husikia kilio cha njaa, hulisha. Ndoano baadaye hudondoka.

Kampango naye hulea wageni, ila kwake mambo yamegeuka. Samaki wa jamii ya magege huja kuwaachia watoto wao ndani ya kiota chake, naye hulinda mchanganyiko wote. Inaonekana anapunjwa mpaka uangalie wamepangwaje: watoto wake hukaa katikati, wageni husukumwa pembeni. Adui akipenya, anayeliwa kwanza ni wa pembeni. Nani hapo anamtumia nani? Nimewahi kuwaacha kidato cha nne wabishane swali hilo kipindi kizima, kengele ikalia hawajakubaliana.

Umebaki ule wazimu wa pili, wa kuwadonoa. Mwaka 1974 Trivers alirudi na hoja iliyowaudhi wengi: mzazi na mtoto hawakubaliani malezi yaishe lini. Kwa mama, watoto wote, wa sasa na wa kesho, wana thamani sawa, hivyo atataka kuhamisha nguvu mara huyu anapoweza kujitegemea. Mtoto anajithamini kuliko mdogo wake ambaye hajazaliwa, hivyo atataka aendelee kupewa. Katikati ya tarehe hizo mbili ndipo penye makelele: ndama wa tembo anayepiga mayowe akinyimwa ziwa, mtoto wa nyani anayegaragara chini, vifaranga wanaokimbilia tumbo la mama na kukuta mdomo.

Wiki za kwanza, vifaranga wa kuku hawawezi kutunza joto lao wenyewe. Hapa kwetu, bila tumbo la mama au jiko la mkaa kando ya boksi, usiku mmoja wa mvua unawamaliza. Wakifika wiki ya saba au ya nane manyoya yamejaa, wanachakura wenyewe, wanausikia mlio wa mwewe na kukimbia bila kusubiri kuambiwa. Kila punje wanayokula mdomoni mwa mama kuanzia hapo inawaongezea kidogo sana wao, na inampunguzia yeye yai.

Nilimweleza mama jirani haya yote, tumeegemea ua. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama hao wakubwa sasa wanauzwa. Watatu aliwachukua. Siku nne baadaye nikahamisha gunia la mahindi stoo, na nyuma yake, kwenye maranda, palikuwa na yai moja lenye joto.